Mpaka na Mpaka: Usiku Uliopotea Malaba

Neno mpaka katika Kiswahili hufanya kazi mbili. Likiwa nomino, hutaja mahali ambapo nchi moja hukoma na nyingine ikaanza. Likiwa kihusishi, hutaja ukomo wa jambo lolote lile: kutoka asubuhi mpaka jioni, kutoka Mombasa mpaka Kampala, kutoka shilingi mia moja mpaka mia mbili. Mwenzake hadi, lenye asili ya Kiarabu, nalo lilitokana na neno la kikomo. Mzungumzaji wa kawaida halemewi na uwili huo. Hata hivyo, wako watu ambao riziki yao huning'inia kwenye swali dogo ambalo kamusi hazilijibu: je, kitajwacho baada ya mpaka kimo ndani au kimo nje? Mtu akiambiwa alipe deni mpaka tarehe 5, tarehe 5 yenyewe ni siku ya kulipa au ni siku ya kutozwa faini? Makala haya yanalifuata swali hilo huko Busia na Malaba, mahali ambapo maana zote mbili za neno hukutana barabarani, na yanalifuata kupitia kazi ambayo wapenzi wa fasihi aghalabu huiona kuwa ya ukoo mwingine kabisa, yaani kuchopoa na kurekebisha data za vipindi katika programu ya takwimu.

Busia na Malaba ni miji miwili ya Kaunti ya Busia, iliyoachana kwa takriban kilomita 30, na kila mmoja una pacha wake wa jina lilo hilo upande wa Uganda. Malaba hupokea barabara kuu itokayo Mombasa kupitia Nairobi, Eldoret na Bungoma, pamoja na reli iendayo Tororo. Busia hupokea barabara itokayo Kisumu. Malaba hujulikana kwa foleni za malori, na Busia kwa wingi wa wachuuzi wanaovuka kwa miguu na kwa baiskeli. Inasimuliwa kwamba neno bodaboda lilizaliwa huku katika miaka ya 1960, wakati waendesha baiskeli walipokuwa wakiwapakia abiria kutoka lango la nchi moja hadi lango la nchi nyingine. Waliita mpaka kwa Kiingereza chao, wakalirudia neno mara mbili, likawa jina la chombo. Ukilitazama vizuri, bodaboda si jina la mwendo wala la magurudumu. Ni jina la ncha mbili na kilichomo kati yake.

Ncha hizo zenyewe hazikudumu mahali pamoja. Reli ilipofika ziwani Disemba 1901, pale tunapopaita Kisumu leo, ilikuwa imefika katika ardhi ya Himaya ya Uganda. Mnamo Aprili 1902 Waingereza waliihamisha mikoa ya mashariki ya Uganda na kuitia katika Himaya ya Afrika Mashariki, na mpaka uliokuwa Bonde la Ufa, maeneo ya Naivasha, ukasogezwa magharibi. Hapana kilima kilichohama wala mto uliobadili mkondo. Mtu alilala Uganda akaamka kwingineko, na jamaa zake, wakiwemo Wateso na Wasamia, wakabaki wamegawanyika pande mbili za mstari. Marekebisho ya ncha moja katika kitabu cha serikali yalibadilisha hesabu ya watu, kodi na uraia. Tarehe 24 Februari 2018, marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walipozindua kituo cha pamoja cha mpakani Busia, marekebisho yalikuwa ya aina nyingine: mstari ulibaki palepale, ila msafiri akawa anakaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja badala ya kusimamishwa mara mbili. Safari hii ncha hazikuguswa. Kilichokusudiwa kupunguzwa ni urefu wa kusubiri kati yake.

Urefu huo wa kusubiri ndio uliompa kazi binti mmoja wa Amagoro, mhitimu wa ualimu katika masomo ya Hisabati na Kiswahili, aliyekuwa akingoja kuajiriwa kama wengi wa kizazi chake wanavyongoja. Kampuni moja ya uchukuzi ilimpa mkataba wa miezi mitatu. Alitakiwa kuziingiza katika tarakilishi daftari za ofisi yake ya Malaba, kisha akokotoe kila lori lilisubiri kwa muda gani kabla ya kuvuka. Hesabu hiyo haikuwa ya kupamba ripoti. Kanuni ya kampuni ilikuwa kwamba dereva hulipwa posho ya kusubiri kuanzia usiku wa tatu. Usiku wa kwanza na wa pili ulihesabiwa kuwa sehemu ya safari; wa tatu ulikuwa na bei.

Data za namna hiyo zina tabia yake. Uzito wa mzigo ni nambari moja, na jina la dereva ni neno moja. Lakini kusubiri kwa lori ni kitu chenye ncha mbili: saa ya kufika na saa ya kuondoka. Ndiyo data ya kipindi. Binti alitumia R, lugha ya programu iliyoasisiwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na ambayo toleo lake la 1.0.0 lilitolewa tarehe 29 Februari 2000. Lugha hiyo hutolewa bila malipo, jambo lisilo dogo kwa mtu anayefanya kazi kwa tarakilishi ya kuazima. Watumiaji wake huiongezea vifurushi, na miongoni mwavyo kuna viwili vinavyohusu mjadala huu. Kimoja ni lubridate, kilichoelezwa na Garrett Grolemund na Hadley Wickham katika makala yao ya mwaka 2011, ambacho hushughulikia tarehe na saa. Kingine ni intervals, kazi ya Richard Bourgon, ambacho hushughulikia vipindi vya nambari za kila aina.

Vifurushi hivyo viwili havikuchagua njia moja ya kukitunza kipindi. Kifurushi cha intervals hukiandika kama jedwali la safu wima mbili, mwanzo huku na mwisho huku. Kile cha lubridate hutunza mwanzo pamoja na urefu kwa sekunde. Mwisho hauandikwi popote, bali hukokotolewa kila unapoulizwa. Kwa msomaji wa haraka tofauti hii ni ya mafundi tu. Kwa binti wa Amagoro ilikuwa tofauti kati ya kurekebisha na kuharibu, kama itakavyobainika.

Kuchopoa ni kulitaja ingizo kwa faharasa yake. Katika R, faharasa hutiwa ndani ya mabano ya mraba, na kuhesabu huanzia moja, tofauti na lugha nyingi za programu zinazoanzia sifuri. Ukitaka kipindi cha saba, unataja saba. Kazi ya mabano hayo juu ya data za vipindi ni nzito kuliko inavyoonekana, kwa maana yanapochopoa mwanzo lazima yachopoe na urefu wake. Vitu hivyo viwili ni chanda na pete. Ikiwa mwanzo wa lori la saba utaambatana na urefu wa lori la nane, programu haitalia wala kulalamika. Itatoa jibu safi la uongo. Ndiyo sababu waandishi wa vifurushi hawakuyaacha mabano ya kawaida yafanye kazi hiyo, bali waliyaandikia maana mpya inayofaa vipindi.

Vilevile kuna kuchopoa kwa nafasi na kuchopoa kwa sifa. Anayesema "ingizo la 412" amechopoa kwa nafasi. Jedwali likipangwa upya kwa tarehe, ingizo la 412 huwa ni lori la mtu mwingine, na marekebisho yaliyokusudiwa Juma humwangukia Hamisi. Anayesema "kila ingizo la usiku ambalo mwisho wake umetangulia mwanzo wake" amechopoa kwa sifa, na sifa haihami jedwali linapopangwa upya. Binti alilianza zoezi lake kwa sifa hiyo hasa. Daftari zilikuwa na mistari ambapo lori limefika saa nne usiku na kuondoka saa moja asubuhi, zote chini ya tarehe moja. Kwa tarakilishi, lori hilo lilisubiri saa 15 kwenda kinyumenyume. Lubridate haikikatai kipindi kilichogeuka namna hiyo. Hukitunza na kukipa urefu hasi. Dawa ilikuwa kuupeleka mwisho siku ya pili, na kipindi kikawa saa tisa, kama kila mtu aliyewahi kulala Malaba anavyoelewa.

Hayo yalikuwa makosa yanayoonekana kwa macho. Lililokuwa zito halikuonekana hata kidogo, na lisingeonekana kamwe lau mwenyewe asingefika ofisini.

Alikuwa dereva mzee wa Mombasa. Karatasi yake ya mwezi ilionyesha kwamba safari ile alifika Malaba Jumanne saa nne usiku na kuvuka Alhamisi saa mbili asubuhi. Saa 34, usiku wa kulala mara mbili, posho hakuna.

"Shikamoo, mzee," binti alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mimi sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza usiku wangu mmoja umekwenda wapi."

Binti alimsomea mstari wa daftari kama ulivyoandikwa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Maneno ni yangu hayo. Nilisema usiku wa Jumanne, saa nne. Lakini usiku wa Jumanne ni upi, mwanangu? Jua la Jumatatu likishatua, Jumatatu imekwisha. Usiku unaoingia hapo ni wa Jumanne."

Ndivyo ilivyo katika hesabu ya kale ya Waswahili wa pwani. Siku huanza magharibi, usiku hutangulia mchana wake, na usiku wa Ijumaa ni ule ambao wengine wangeuita wa Alhamisi. Kiswahili kimejua kwa muda mrefu kwamba hesabu hii itagongana na ile inayoikata siku saa sita usiku, na ndiyo maana watangazaji husema usiku wa kuamkia Jumanne pale wasipotaka kumwacha msikilizaji katika shaka. Mzee hakutumia kauli hiyo kwa sababu katika lugha yake haikuhitajika. Lori lake lilikuwa limenaswa kwenye foleni nje ya mji. Jumatano alitembea kwa miguu hadi ofisini kujiandikisha, akasema aliyoyasema, na karani wa zamu, kijana wa bara, akaandika neno kwa neno. Hapakuwa na mwongo. Palikuwa na saa 24 zilizotumbukia baina ya fasili mbili za neno moja.

Binti hakuandika lolote papo hapo. Kumhurumia mzee ni jambo moja, na kulibadilisha ingizo ni jingine. Anayebadilisha data kwa huruma leo ataombwa azibadilishe kwa hongo kesho. Aliuliza kama kulikuwa na karatasi yoyote ya safari ile. Mzee alikuwa nazo mbili katika mfuko wa plastiki. Ya kwanza ilikuwa tikiti ya mizani ya Webuye, iliyochapishwa Jumatatu saa kumi na moja na dakika arobaini jioni. Ya pili ilikuwa risiti ya maegesho iliyokatwa Malaba kwenyewe, Jumanne saa moja na dakika kumi asubuhi.

Hapo hoja ilijipanga yenyewe. Mzee asingeweza kufika Malaba kabla ya kupimwa Webuye, wala baada ya kutozwa ada ya kuegesha Malaba. Kwa hiyo kufika kwake kulikuwa ndani ya kipindi kilichoanza Jumatatu jioni na kwisha Jumanne asubuhi. Daftari lilitoa saa mbili zinazowezekana kwa fasili mbili zinazoshindana: Jumatatu saa nne usiku na Jumanne saa nne usiku. Ya kwanza imo ndani ya kipindi hicho. Ya pili imo nje. Tikiti hazikuthibitisha dakika aliyofika, lakini ziliivunja fasili moja na kuiacha nyingine imesimama. Kipindi cha kweli kilikuwa kutoka Jumatatu saa nne usiku mpaka Alhamisi saa mbili asubuhi: saa 58, usiku wa kulala mara tatu.

Kilichobaki ni kurekebisha, na hapa ndipo namna ya kutunza kipindi ilipoleta neno. Lubridate, kama ilivyoelezwa, hutunza mwanzo na urefu. Mtu akiurudisha mwanzo nyuma kwa sekunde 86,400, yaani siku nzima, na asiuguse urefu, mwisho nao utarudi nyuma siku nzima. Lori litaonekana limevuka Jumatano saa mbili asubuhi, urefu utabaki saa 34, na mzee hatapata kitu, pamoja na kwamba mwanzo wake umeandikwa sahihi. Kifurushi kina amri mbili zinazofanana kwa sura na kuachana kwa tabia: moja hubadilisha mwanzo, ikauacha mwisho mahali pake na kuukokotoa urefu upya, nyingine hukisogeza kipindi kizima, kichwa na mkia. Binti alihitaji ya kwanza. Aliitumia juu ya ingizo alilolichopoa kwa namba ya safari, si kwa nafasi yake jedwalini, na kabla ya hapo alitengeneza nakala ya safu ya asili ili ionekane daima daftari lilisema nini. Katika safu ya tatu aliandika sababu ya badiliko na karatasi zilizolithibitisha. Wanafunzi wa uhakiki wa matini wataitambua adabu hii. Mhariri wa utenzi wa kale habadilishi neno la mswada akanyamaza. Huliacha la asili katika tanbihi, akataja na hoja yake.

Palikuwa na kikwazo kingine cha saa. R huhesabu wakati kwa sekunde zilizopita tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich, dakika ambayo kwa Afrika Mashariki ilikuwa saa tisa usiku. Asiyeitajia programu kwamba yupo katika saa za Nairobi atajikuta ameyumba kwa saa tatu. Na daftari la Kenya lililoandikwa "saa 4" laweza kuwa limefuata saa ya Kiswahili au saa ya Kiingereza, tofauti ya saa sita. Lori moja laweza basi kuwa na mianzo kadhaa kabla hata ya kuulizwa usiku wa Jumanne ni upi.

Fauka ya hayo, kulikuwa na malori yasiyokuwa na mwisho. Daftari lilifungwa siku ya mwisho ya mwezi ilhali baadhi yao yalikuwa bado foleni. Kwa hali hiyo Kiswahili kina kiambishi chake, -ja-, ambacho hukanusha tendo bila kulifungia mlango: lori halijaondoka. Halikusemwa halikuondoka. R nayo ina alama yake ya thamani isiyojulikana, na kishawishi cha kila karani mwenye haraka ni kuzifuta safu zenye alama hiyo ili wastani ukokotoleke. Lakini malori ambayo hayajaondoka ndiyo aghalabu yaliyosubiri zaidi. Ukiyafuta, wastani wa kusubiri hupungua bila mtu yeyote kusubiri kidogo zaidi. Waliokuwa Malaba mwaka 2020, madereva walipokuwa wakingoja majibu ya vipimo vya Korona, na tena Januari 2022, madereva walipogoma kulipia vipimo vilivyotakiwa na Uganda na foleni ikatambaa kilomita nyingi, wanajua kwamba kipindi kisicho na mwisho hakiwi tupu. Kimejaa watu wanaopikia chini ya malori. Binti aliyaacha malori hayo katika jedwali, mwisho wake ukiwa wazi, na kuandika kwamba yamesubiri angalau mpaka siku daftari lilipofungwa.

Angalau mpaka: hapa tunarudi kwenye swali la ndani na nje. Hisabati hutofautisha kipindi chenye ncha funge, ambacho ncha yake imo ndani, na kile chenye ncha wazi, ambacho ncha yake imo nje. Wanafunzi wa fonolojia waliozoea silabi funge na silabi wazi hawatapata taabu kuyapokea maneno hayo. Kifurushi cha intervals huyabeba maelezo haya pamoja na nambari zenyewe, ili kila ncha ijulikane kama imefungwa. Umuhimu wake huonekana katika zamu. Zamu ya usiku Malaba ikihesabiwa kutoka saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na ya mchana kutoka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, lori linalofika saa kumi na mbili kamili lina zamu mbili, na mwisho wa mwezi jumla ya zamu huzidi idadi ya malori. Wanaohesabu huliepuka jambo hili kwa kufunga ncha ya mwanzo na kuiacha wazi ya mwisho. Kwa siku nzima nzima mambo ni mepesi: kuanzia tarehe 1 mpaka tarehe 5 pamoja nayo ni sawa na kuanzia tarehe 1 mpaka kabla ya tarehe 6. Kwa wakati unaotiririka hakuna ubadilishanaji kama huo, kwa maana baina ya dakika mbili daima kuna nyingine.

Mwaka 1983, mtaalamu wa tarakilishi James Allen alionyesha kwamba vipindi viwili vinaweza kuhusiana kwa njia 13 tu: kimoja chaweza kutangulia, kugusana na mwenzake, kupishana naye, kuwa ndani yake, na kadhalika. Msomi wa Kiswahili akiisoma orodha hiyo atasikia sauti za nyumbani. Alifika akalala ni kufuatana. Alilala mvua ikinyesha ni kimoja ndani ya kingine. Alipofika hutaja ncha tu. Hakuwa amefika hutaja muda uliotangulia ncha. Viambishi tunavyovifundisha kama sarufi ni mfumo wa kupanga vipindi, uliokuwepo kabla ya tarakilishi kuwapo.

Wakati mwingine kipindi si cha saa. Kabla ya kazi ya Malaba, binti huyo alikuwa amewahoji wachuuzi wa Busia, wanawake kwa wengi wao, wanaovusha mahindi, mayai na omena. Biashara hiyo ndogo ni kubwa kiasi kwamba Ofisi ya Takwimu ya Uganda pamoja na Benki Kuu ya nchi hiyo zimekuwa zikiichunguza mipakani tangu miaka ya 2000. Mchuuzi akiulizwa bei ya gorogoro ya mahindi, mara nyingi hujibu kwa ncha mbili: ni kati ya hii na ile, kutegemea mvua, askari na mteja. Fomu ya utafiti ilikuwa na kisanduku kimoja, na desturi ni kuandika nambari ya katikati. Tawi la takwimu lililoasisiwa na Edwin Diday tangu miaka ya 1980 hukataa desturi hiyo na kukichukua kipindi kizima kuwa ndiyo data. Sababu yake ni rahisi. Wachuuzi wawili waweza kuwa na nambari ya katikati iliyo sawa, ilhali mmoja bei yake haichezi na mwingine bei yake hupanda na kushuka kila juma. Wa kwanza anaweza kukopa. Wa pili hulala akiwaza. Ukiitunza nambari ya katikati peke yake, umeitupa tofauti kati yao.

Maingizo mengine kadhaa katika daftari za Malaba yalikuwa na usiku wenye utata kama ule wa mzee. Baadhi yalikuwa na tikiti na risiti, yakarekebishwa kwa utaratibu uleule. Mengine hayakuwa na kitu. Kwa hayo binti alikataa kuchagua. Aliandika kwamba kufika kwenyewe ni kipindi: si mapema kuliko Jumatatu saa nne usiku, si baada ya Jumanne saa nne usiku, kwa kila siku inayohusika. Msimamizi wake hakufurahi, kwa kuwa posho hailipwi kwa kipindi. Hulipwa kwa ndiyo au la. Kampuni ilipopokea ripoti, ilimlipa mzee usiku wake mmoja, pamoja na wale waliokuwa na karatasi. Wasiokuwa nazo hawakulipwa. Tangu hapo, daftari la ofisi ile likaongezewa safu moja, na karani wa zamu akaagizwa amuulize kila dereva: usiku wa kuamkia siku gani?

Swali hilo la maneno matano lilifanya kazi ambayo programu isingeweza kuifanya. R huchopoa upesi, hurekebisha kwa uaminifu, na hutunza ncha zake bila kusahau. Lakini haijui usiku wa Jumanne ni upi. Lazima iambiwe na mtu anayejua kwamba watu wawili wanaosema Kiswahili fasaha waweza kumaanisha siku mbili tofauti. Katika vyuo vyetu, mjadala wa Kiswahili na sayansi umekuwa aghalabu mjadala wa istilahi: tuiite nini tarakilishi, tuiite nini faharasa. Kazi hiyo ni muhimu na haijakamilika. Iliyo mbele yake ni kazi ya kukaa pale ambapo semi za watu zinageuzwa kuwa nambari, na kuuliza kabla nambari haijaandikwa. Wahitimu wa Kiswahili hulalamika, na kwa haki, kwamba soko halina nafasi yao. Huko Malaba palikuwa na nafasi moja, ya mkataba wa miezi mitatu, na aliyeijaza aliijaza vyema kwa kuwa alisoma hisabati na sarufi kwa pamoja.